Nilivyompita Mama Mkwe Barabara ya Namanga

Kama umekuja kunicheka, anza sasa, umalize, halafu unisikilize. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wa rafiki wa jirani, tena jua likiwa bado linaonekana. Pombe siijui. Wanaonifahamu pale Noonkopir, Kitengela, watakuambia mimi ni fundi wa vioo vya magari, naimba kwaya, na hadithi za majini sizitaki. Nilikuwa nikiwasikia madereva wakisimulia mambo ya barabara ya Namanga, nawaambia wawe wanalala mapema.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa aibu yangu. Magari mengi ya siku hizi, haya yanayotoka Japani yakiwa yameshatumika, yana kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, pale juu katikati. Kamera hiyo husoma mistari ya barabara. Humwona mtu akivuka, na ikiona dereva amezubaa inashika breki yenyewe. Sasa ukibadilisha kioo, kamera nayo imeguswa. Ikienda upande kidogo tu, upana wa ukucha, basi huko mbele inadhani barabara iko kwenye migunga. Kwa hiyo lazima uipime upya. Unaegesha gari mahali tambarare, unasimamisha ubao wenye michoro mbele yake, unachomeka mashine chini ya usukani, na kamera inafundishwa tena mbele ni wapi. Kisha unalipeleka gari kwenye mistari iliyo wazi ukaone kama limeelewa. Wenzangu wengi hubandika kioo, wakapangusa, wakakurudishia funguo. Mimi sikubali. Hayo ndiyo yalikuwa majivuno yangu.

Gari lenyewe lilikuwa la shemeji yangu Kioko, kaka wa mke wangu Mwende. Lori la kokoto lilimrushia jiwe, kioo kikapasuka kona hadi kona. Akaniletea mbio, kwa sababu kesho yake asubuhi alitakiwa kumpeleka mama yao Kajiado kupasuliwa macho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amefika mahali pa kupapasa kikombe mezani. Daktari alisema asichelewe tena, presha ya jicho imeanza kupanda. Tulimsihi muda mrefu kabla hajakubali.

Mama yao ndiye mama mkwe wangu, na hapa wasio Wakamba wanivumilie. Sisi tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni haya, lakini ni haya ya ukwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, hamsemeshi moja kwa moja. Mkikutana njiani unatoka njiani na kugeuza uso, naye anajifunika leso na kupita. Vijana wa mjini wameacha, siku hizi wanapiga picha na mama wakwe wamekumbatiana. Mimi sikuacha. Tangu nioe, yule mama nilimjua kwa leso yake ya buluu na kwa mwendo wake wa kuegemea kushoto. Sura yake nisingeweza kukueleza. Watu walinisifu kwa hilo, na nilipenda kusifiwa.

Basi nikaweka kioo, nikaacha gundi ikauke vizuri, nikaipima kamera kwa ubao. Mashine ikakubali. Jua likiwa limeanza kulala nikashika barabara ya Namanga peke yangu, kwenda kuijaribu.

Nimepita Isinya, gari likashika breki. Lenyewe, niamini. Mkanda ulinikaba kifua, kengele ikalia, na kwenye dashibodi ikatokea picha nyekundu ya mtu. Nikatazama mbele. Lami tupu, hata mbuzi hakuna. Dereva wa trela aliyekuwa nyuma yangu alinipita akipiga honi, akinionyesha kichwa chake kwa kidole, kuniuliza kama changu kiko sawa.

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiria kazi yangu. Nikashuka, nikapangusa kioo, nikakagua kibanio cha kamera. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Nikaendelea. Mbele kidogo, breki tena, na picha ile ile nyekundu. Na mbele, lami ile ile tupu.

Pembeni alikuwepo mwanamume mmoja wa Kimaasai akingoja kuvusha mbuzi wake. Akaja dirishani. Tukasalimiana, sopa, ipa, halafu akaniuliza hiyo gari yangu inaogopa nini. Nikamwambia ni kamera, imeona kitu ambacho hakipo.

"Hakipo aje?" akasema. "Si ni huyo mama wa leso ya blue. Amepita hapa mbele yako sasa hivi, anaenda akiegemea hivi." Akaegemea kushoto kunionyesha. "Kama ni wako, mchukue. Jua inaisha."

Nikatazama alikoonyesha. Hapakuwa na mtu. Na yeye mwenyewe alipogeuka akamkosa, aliwapigia mbuzi wake mluzi, akaondoka bila kuniaga.

Nikampigia Mwende simu. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akajibu kwamba yuko hapo kwa Kioko, amelala tangu mchana, tena yeye Mwende yuko hapo sebuleni anamsikia akikoroma. Akaniuliza kwani kuna nini. Nikasema hakuna.

Mwenye akili angegeuza gari. Mimi niliona haya kurudi. Ningemwambia nini Kioko? Kwamba fundi anayejisifu Kitengela nzima ameshindwa na kioo cha shemeji yake? Tena giza lilikuwa linakuja, na gizani kamera haisomi mistari vizuri, nami nilitaka nimalize jaribio. Kwa hiyo nikabonyeza kile kitufe cha kuizima breki ya kamera. Kitufe kidogo tu, hata hakina kelele. Nikakanyaga mafuta.

Sikwenda mbali. Nilimwona, mimi mwenyewe, kwa macho haya. Alikuwa amesimama katikati ya njia yangu, leso ya buluu, kiondo mgongoni, ameinua mkono kama mtu anayesimamisha gari. Na alikuwa ananitazama. Unajua nilifanya nini? Sikukanyaga breki. Niligeuza uso. Mwili wangu ulifanya kile ulichozoea kufanya kila unapokutana na mama mkwe njiani. Nilitazama kando, kwenye nyasi, kwa adabu kabisa, na gari likiwa kwenye mwendo wake.

Hakukuwa na kishindo. Kitu cha baridi kilipita ndani ya gari kutoka mbele hadi nyuma, na nikasikia harufu ya moshi wa kuni, ile inayokaa kwenye leso za mama zetu. Nilipokuja kusimama, magurudumu mawili yalikuwa nje ya lami. Nikatazama kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa ameteremka kando ya barabara, amenipa mgongo, amejifunika leso, anangoja mkwe wake apite. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua hakuwepo.

Nilirudi Kitengela, nikamkabidhi Kioko gari lake. Akaniuliza, "Shem, iko sawa? Mathe atakaa mbele." Nikamjibu iko sawa kabisa. Na kweli ilikuwa sawa. Kamera ile haikuwa na kosa lolote.

Asubuhi, badala ya kunipigia simu kwamba wameondoka, Mwende alinijia gereji kwa miguu. Mama amekataa kuingia kwenye gari, na hospitali haendi. Hakutaka kumweleza Kioko sababu, ila alimtuma Mwende kwangu na maneno, maana yeye mwenyewe hawezi kunisemesha. Mwende akasimama mbali kidogo na mimi, karibu na vioo, akanipa ujumbe.

"Anasema jana aliota anatembea kwa lami, anakutafuta, kuna kitu anataka kukuuliza. Gari ikasimama, akafurahi. Kabla afike kwa dirisha, ikaenda. Ikasimama tena, ikaenda. Mwisho akasimama katikati, akasema leo wacha nthoni ivunjike. Anasema ulimwona, ukageuza uso, ukampitia juu." "Baba Mutua, ni ukweli?"

Nikauliza, mama alitaka kuniuliza nini?

"Daktari alimwambia watatoa kioo cha ndani ya jicho waweke kingine. Sasa anasema wewe ndio unajua vioo. Alitaka umwambie, wakishaweka hiyo mpya, jicho litajuaje mbele ni wapi."

Umesikia? Kati ya watu wote wa Kitengela, mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Ningeweza kutoka hapo, nikaenda kwa Kioko, nikasimama mlangoni hata kama nimegeuza mgongo, nikasema: Mama, litajua. Kioo kikiwekwa na anayeijua kazi, jicho hujifunza upya. Alihitaji maneno hayo tu. Lakini kwenda kumjibu ni kukiri kwamba swali lilinifuata barabarani, kwamba nilimwona, kwamba nilizima breki iliyokuwa ikisimama kwa ajili yake, na kwamba nikampita. Nilishindwa kukiri hayo mbele ya mke wangu. Nikacheka. Nikamwambia ndoto za wazee ni ndoto, mama anaogopa kisu tu, atazoea. Mwende akasema sawa, akaenda zake.

Mama hakuzoea. Kila walipomgusia hospitali alijifunika leso, asitake kusikia. Walipokuja kumbembeleza akina mama wa kanisa, akakubali shingo upande, daktari akawaambia presha imeshaua mshipa wa jicho, hata wakiweka kioo kipya haitasaidia. Sasa haoni. Mchana na usiku kwake ni kitu kimoja. Kioko bado ananishukuru kwa kazi nzuri niliyomfanyia, anawaelekeza wateja kwangu, na kila akinishukuru natamani ardhi ipasuke inimeze. Mwende hajaniuliza tena kama ni ukweli. Afadhali angeuliza.

Nimebaki na mambo ya ajabu. Siwezi kuendesha gari nikiwa peke yangu jioni. Nikimaliza kupima kamera ya mteja, namlipia dereva mwingine aende kuijaribu, mimi nakaa gereji nikisingizia mgongo. Na usiku nikisikia harufu ya moshi wa kuni, naamka.

Nikuambie jambo moja ambalo wasio Wakamba hawalijui. Nthoni ina dawa yake. Ni mbuzi. Mkwe anapeleka mbuzi kwa wakwe zake, anachinjwa kwa heshima, na tangu siku hiyo yeye na mama mkwe wanaweza kuzungumza kama watu. Baba yangu alinikumbusha mara nyingi. Nami nikawa naahirisha, si kwa kukosa mbuzi, mbuzi soko la Kajiado wamejaa. Niliahirisha kwa sababu nilipenda kuitwa mkwe mwenye haya.

Nilimpeleka mbuzi mama akiwa ameshapofuka. Wazee walifanya yao, tukala, wakatuacha tumekaa wawili kwenye baraza ya Kioko. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni. Ana sura ya Mwende kabisa, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilitaka kumwomba msamaha, nikawa napanga maneno. Akaanza yeye, kwa sauti ya chini, akielekeza uso kidogo pembeni ya mahali nilipokaa.

"Baba Mutua. Ile siku, ungenijibu nini?"

Nikamwambia ningemjibu kwamba angeona.

Akapapasa pindo la leso yake. Kisha akasema, "Basi ningeenda."

Hakunilaumu. Mimi nikalia pale pale, mtu mzima, sahani ya nyama mkononi, na yeye akawa anangoja nimalize.

Kwa hiyo usiniulize kama yule wa barabarani alikuwa jini, au roho ya mtu aliyelala, au nini. Sijui, na sitaki kujua. Ila gari likisimama lenyewe nawe huoni mtu, niamini, usizime hiyo breki. Shuka uite, hata kama utaonekana mwendawazimu. Na kama kuna mtu unayemkwepa ukisema ni heshima, usingoje kama mimi. Mpelekee mbuzi wake akiwa bado anaweza kuona ni nani amemletea.