Shamba la Mama Mkubwa Katika Daftari la Kwale

Mimi kusoma sikufundishwa na mtu. Chuoni nilisoma Kurani, na herufi hizi nyingine nilizishika mwenyewe, kwenye magunia ya mchele, mikebe ya mafuta na magazeti waliyofungia samaki. Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa kwa chifu kule kwetu Kikoneni, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mimi ndiye niliyesimama mbele nikawasomea watu kwa sauti. Lilisema wapimaji wamemaliza kazi, kila shamba limepewa nambari na mwenyewe, daftari liko bomani Kwale. Mwenye neno aende alitazame, aseme ndani ya siku sitini. Zikipita, yaliyoandikwa yameandikwa.

Watu walicheka. Mzee mmoja akaniuliza, "Yaani mimi nipande mpaka Kwale nikamuulize karani shamba langu ni la nani?" Wakacheka zaidi, kisha kila mtu akashika njia yake.

Mimi nilikwenda. Na sisemi nilikwenda kwa akili nyingi, la. Nilitaka tu kuliona jina la mama mkubwa limeandikwa na serikali yetu wenyewe. Mama mkubwa ni dada yake mama. Mama alifariki mimi sijaota meno, na huyu akanitia kifuani pamoja na wanawe, asinibague hata kwa kijiko. Shamba alilotulelea ni la minazi na mikorosho, alipewa na mjomba wake, na minazi karibu yote aliipanda yeye kwa mkono wake. Mtu akimsema vibaya mama mkubwa mbele yangu, hata leo, hatutoki salama.

Boma la Kwale liko juu kilimani na lilikuwa na milango mingi kuliko nilivyodhani. Mlango wa kwanza waliniambia niende wa pili. Wa pili waliniambia nimngoje bwana mmoja aliyekwenda Msambweni. Tarishi, mzee wa makamo aliyekaa nje na kofia yake ya kazi, akanionea huruma. "Wewe wataka daftari la mashamba? Nenda masijala, chumba kile cha mwisho, chenye mafaili mpaka darini. Lakini piga hodi vizuri."

Sikupiga hodi vizuri.

Ndani nilimkuta karani, kijana aliyenizidi miaka michache tu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja ya wino mweusi na moja ya wino mwekundu. Alikuwa mtoto wa watu wa bara, wale waliohamia mashamba ya serikali kule Shimba. Nilimtambua kwa kuongea kwake.

"Unatafuta nini?"

"Shamba la mama yangu."

"Nambari yake?"

"Nambari siijui. Naijua minazi."

Nilingoja acheke nipate sababu ya ugomvi. Hakucheka. Alifungua ramani juu ya meza, akaibana pembe kwa mawe manne, akasema, "Haya, tuseme umetoka skuli. Unaelekea wapi?" Nikamwambia nashuka mpaka kijito, navuka, naupita msikiti kwa kulia. Kidole chake kikawa kinatembea. Jirani wa kwanza nani? Wa pili? Mpaka kidole kikasimama mahali, na mimi nikaliona shamba letu, umbo lake lilelile, pembe moja imekatwa na kijito. Nilikuwa sijapata kuliona shamba kama anavyoliona ndege.

Akaisoma nambari, akafungua daftari, akateremka na rula mstari kwa mstari. Kisha rula ikasimama. Nikainama nikasoma mwenyewe. Mahali pa jina la mwenyewe paliandikwa kaunsil, yaani baraza la serikali la wilaya.

Jamani. Maneno niliyoyasema siku ile siwezi kuyarudia yote. Nilimwita mwizi. Nikamwambia nyinyi watu wa bara mmekuja juzi, mwajua nini minazi, mmeona mwanamke mjane hajui kusoma mkampokonya. Watu waliokuwa kwenye benchi nje wakaja mlangoni kutazama. Karani alilifunga daftari, akalisogeza nyuma mate yangu yasilifikie, akakaa.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Basi maliza."

Nikatafuta neno jingine, sikulipata. Hapo akainuka, akavuta faili kwenye rafu, akanifungulia karatasi moja. Ilikuwa maelezo waliyoyachukua wapimaji siku walipofika kwetu, mimi nikiwa Diani kwenye kibarua. Chini pana alama ya dole gumba la mama mkubwa. Na juu yake maneno mawili matatu tu: minazi na mikorosho ni yangu, ardhi si yangu.

"Walimsingizia," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Nenda ukamuulize," akasema karani. "Zimebaki siku ishirini na tisa."

Nilimkuta mama mkubwa anakuna nazi. Nikamuamkia, nikakaa, nikamuuliza wapimaji walimuuliza nini.

"Waliniuliza, mama, minazi hii ya nani? Nikawaambia yangu. Wakaniuliza, na ardhi ya nani?"

"Ukasema?"

"Nikasema ardhi si yangu. Ardhi ya Mungu. Wewe ulitaka niseme mimi ndiye niliyeiumba?"

Sasa mgeni atacheka, lakini kwetu hivyo ndivyo ilivyo. Mnazi una mwenyewe, aliyeupanda au aliyerithi. Mtu aweza kuwa na minazi mitano ndani ya kiwanja cha mwenziwe, akaja kuangua nazi zake akaenda zake, na pasiwe na neno. Ardhi yenyewe hakuna aliyekuwa akiisema kwamba ni yake. Mtu akisema hivyo ataonekana hana adabu. Mama mkubwa aliulizwa swali akajibu kweli, na ile kweli yake ikaandikwa, na ardhi isiyokuwa na mwenyewe ikaenda kwa kaunsil.

Nikamwambia jambo ni jepesi. Twende Kwale, aseme ardhi ni yake, kwisha.

Akaacha kukuna. "Niende mbele ya watu nikaseme uongo? Uzee huu? Na nimekwisha kutia dole?"

"Mama, watakutoa hapa!"

"Usinipigie kelele. Wanitoe. Lakini hilo silisemi."

Nilimbembeleza siku mbili. Nikanuna, nikasusa chakula, nikarudi nikala. Yule mama ni mpole kwa kila kitu, lakini kweli yake huisogezi hata kwa mtarimbo. Nikawa sina pa kwenda isipokuwa kwa yule yule niliyemtukana.

Safari hii nilipiga hodi. Nikaanza kuomba radhi, akanikata, "Hiyo tutaiongea siku nyingine. Mama anasemaje?" Nikamweleza. Nilidhani atamwona mjinga. Alitazama dirishani kidogo, akasema, "Hatumtaki aseme uongo. Tutafute mtu mwingine aliyekwisha kusema kwa ajili yake. Hilo shamba lilipata kuwa na ugomvi?"

Lilipata. Mjomba wake alipofariki, watoto wa mjomba walitaka kumtoa, wakisema mali ya baba ni ya watoto, na wazee wakasema mali ya mjomba huenda kwa wapwa. Walipelekana mpaka kwenye korti ya wazee, ile iliyokuwako zama za Mwingereza.

"Mwaka gani?"

"Mama asema mwaka wa nzige, na yeye ana mimba ya pili."

Mimi niliona tumekwama. Mwaka wa nzige ni mwaka gani? Vitabu vya korti ile vilikuwa vimerundikwa stoo, vingi, vimefungwa kwa kamba, na jina la mtu halikusaidii, vimepangwa kwa miaka tu. Lakini karani aliinuka akaenda kwenye rafu nyingine kabisa, ya mambo ya kilimo. Akatoa faili la barua. Barua za bwana shamba kwa Disii, yule mkuu wa wilaya, na Disii kwa bwana shamba: nzige wameonekana huku, wamekula mahindi kule, tuleteeni watu wa kuchimba mahandaki. Alizisoma moja moja mpaka akafika penye kutajwa upande wetu. Nzige walipita mara mbili, miaka miwili iliyofuatana.

"Basi," akasema, "vitabu vya miaka miwili. Hivyo tunaviweza."

Mimi hapo nilimtazama mtu yule kwa macho mengine. Alikwenda kwa nzige kumtafuta mama yangu! Nani angefikiria?

Siku tatu nililala kwa jamaa zangu Kombani, na kila asubuhi napanda kilima kwa miguu. Karani alikuwa na kazi zake, watu wanaingia na kutoka, kwa hiyo tulikuwa tukifungua vitabu wakati wa mapumziko yake ya mchana, wenzake wakienda kula. Anakileta kitabu kimoja, anakipangusa vumbi, anakifungua polepole kwa sababu mchwa walikuwa wameshaonja pembeni. Nikijaribu kufunua upesi ananishika mkono. "Taratibu, ukurasa huu ni wa mtu mwingine." Ananiachia mimi nisome mstari wa kwanza wa kila kesi, yeye anatazama saa. Siku ya pili nilimletea madafu mawili. Akashukuru, akatoka nayo nje, akanywa huko, akanawa mikono, akarudi. Ndani ya chumba kile hakukuingia hata tone la maji.

Siku ya tatu niliisoma. Majina ya watoto wa mjomba, kisha jina la mama mkubwa, mwanamke, mdaiwa. Nikashindwa kuendelea, nikampa karani asome yeye. Wazee walikuwa wamesema mwanamke huyu ndiye aliyepewa mahali pale na mjomba wake wakati wa uhai wake, minazi ni yake na mahali penyewe pa minazi ni pake na watoto wake, na mtu yeyote asimwondoe.

"Na mahali penyewe," karani akarudia. "Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta."

Akayanakili kwa mkono wake, herufi zimelala vizuri kama mkeka, akapeleka kwa mkubwa wake kupigwa muhuri, akaandika na karatasi ya pingamizi. Nikamuuliza atakula nini, maana siku tatu hajala mchana. Akasema nisimtie njaa.

Kamati ya kusikiliza pingamizi ilikaa kwenye darasa la skuli kwetu. Wazee wa kamati mbele, bwana mmoja wa kaunsil pembeni, karani na daftari lake, na mama mkubwa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, leso mbili safi. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, ardhi hii ni yako?"

Nilijua atakavyojibu.

"Ardhi ya Mungu," akasema.

Bwana wa kaunsil akafungua mikono kama kusema mmesikia wenyewe. Mimi nikainuka, na karani, bila hata kunitazama, akanionyesha kwa kalamu nikae. Nilikaa. Kwa mtu mwingine nisingekaa.

"Mwenyekiti," akasema, "nina swali kwa mama, ukiniruhusu." Akaruhusiwa. "Mama, nani alikuweka pale?"

"Mjomba wangu."

"Nani amelima pale tangu hapo?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Na makaburi yaliyo karibu na kijito ya nani?"

Mama mkubwa akahesabu kwa vidole. "Mjomba wangu. Mama yangu. Ndugu yangu, mamake huyu. Na wanangu wawili waliokufa wadogo."

Karani akampa mwenyekiti ile nakala, ikasomwa mara mbili. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Mimi nilikuwako siku hiyo. Hayo ndiyo yaliyosemwa." Akamgeukia bwana wa kaunsil. "Mama hakudanganya jana wala leo. Nyinyi ndio mliomuuliza vibaya." Yule bwana, nampa haki yake, akakubali. Mwenyekiti akasema, andika.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama mkubwa Kwale. Alitaka kuona kwa macho yake, ingawa herufi hazijui. Karani alisimama alipomwona, akamwambia shikamoo, akampa kiti chake mwenyewe. Akafungua daftari. Kaunsil ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja mwembamba wa wino mwekundu, na juu yake, kwa wino mweusi, jina la mama mkubwa. Nikamwambia karani angeikwangua ile kaunsil isionekane kabisa. Akasema hapana, iache isomeke, mtu akija kuuliza baadaye ajue ilikuwaje.

Akaushika mkono wa mama mkubwa, akaweka kidole chake juu ya jina, akamsomea.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mama."

Akakaa na kidole chake pale pale. Kisha akauliza, "Na nikifa?"

"Ukifa, wanao watakuja hapa waulize. Nitawafungulia."

"Na wewe ukiwa hupo?"

"Atakuwepo karani mwingine."

Mama mkubwa akalifikiria hilo. Akaondoa kidole, akajitanda leso yake vizuri.

"Basi huyo mwingine," akasema, "mwambie namsalimu sana."

Karani akainamisha kichwa. "Salamu zitafika, mama."