Koti la Kaki

Watu husema nilitoroka kwetu kwa kupenda maisha ya nje. Waseme tu, akutukanaye hakuchagulii tusi. Mimi sikutoroka. Niliondoka mchana kweupe, na chanzo chake kilikuwa gunia moja la pareto.

Nilizaliwa kwenye shamba la setla upande wa Keringet, ambako baridi ya asubuhi hukata vidole. Mama alikuwa mchumaji wa pareto, yale maua meupe yanayosagwa kuwa dawa ya kuua wadudu. Wachumaji walikuwa na kipimo chao. Ukitaka kujua kama ua lina nguvu, unalitafuna kidogo. Likiwa zuri, ulimi unakufa ganzi hata jina lako hulitamki sawasawa. Likiwa limeharibika, ni kama umetafuna majani makavu. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma.

Ujuzi huo ndio ulioniaibisha India, nilikokwenda kusomea kemia kwa ufadhili wa masomo mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Katika mtihani wa kwanza wa maabara tulipewa unga wa pareto wa aina tatu, tuupange kuanzia wenye nguvu hadi ule hafifu. Wenzangu wakashika chupa na mizani. Mimi nikachovya kidole, nikaonja mmoja mmoja, nikaandika jibu na kutoka wa kwanza kwa maringo. Nikapata sifuri. Jibu lilikuwa sahihi, lakini sikuwa nimeandika hata hatua moja ya kazi. Mwalimu wangu, mzee mpole, aliniambia kwamba hakuna mtu duniani atakayeazima ulimi wangu ili ahakikishe. Nikarudia mwaka mzima. Nililia, sifichi. Baada ya hapo niliandika kila hatua, hata ya kunawa mikono, na nilipohitimu nilikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Nikarudi Nakuru na shahada yangu ndani ya bahasha. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa, na kijana wa Bondeni, mtaa wa Waafrika nilikopanga chumba, hakuweza kuvuka mji bila karatasi mfukoni. Nikaenda kwenye kiwanda kimoja cha walowezi, jina lake naliacha, ambako pareto ya mashambani ilipimwa kabla ya kusagwa. Walikuwa wanatafuta mkemia. Mkuu wa maabara aliigeuzageuza ile shahada. Nilimsemesha Kiingereza, akanijibu kwa Kiswahili chao cha kuamrishia watu. "India hapana Ulaya," akasema.

Lakini mkemia wao alikuwa ameacha kazi na magunia yalikuwa yamejaa hadi mlangoni, kwa hiyo akanipa wiki mbili za majaribio. Nikifaulu, ningevaa koti jeupe kama wakemia wote. Nikishindwa, lilikuwepo koti la kaki, la Waafrika waliobeba magunia na kuosha chupa. Mimi nililitaka lile jeupe, na nilijua ni haki yangu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ijumaa ya wiki ya pili likaja gunia kutoka shamba lile lile nililozaliwa. Nikapima: hafifu. Nikarudia: hafifu. Nikapima mara ya tatu, jibu likawa hilo hilo. Basi nikafunga mlango, nikachukua ua moja ambalo halijasagwa, nikalitafuna. Ulimi wangu ukabaki mzima kabisa.

Jumapili nikapanda lori kwenda kwa Mama. Nilimkuta akimenya viazi. Nilipomweleza, hakushangaa. Alisema mvua zilikuwa zimezidi, maua yamelundikana, na setla ameamuru kuni ziongezwe maradufu kwenye banda la kukaushia ili amalize upesi. Wanawake walimwonya nyapara kwamba maua yanaungua. Wakaambiwa kazi yao ni kuchuma. Kisha Mama akaweka kisu chini na kunikumbusha jambo nililolijua: mchumaji akijulikana kwamba ametoa habari za bwana shamba, anafukuzwa na kibanda chake kinabomolewa siku hiyo hiyo. Hakuniomba ninyamaze. Alinikumbusha tu, akaendelea kumenya.

Jumatatu nikaingia kwa mkuu nikiwa na hesabu zangu mkononi, na habari za lile banda nimezimeza. Akasoma, akacheka. Ati setla yule alikuwa akileta pareto nzuri tangu kabla ya vita, kwa hiyo aliyekosea ni mimi. Nikamwomba apime mwenyewe, akakataa. Nikamwomba basi atafune ua moja tu. Lo! Uso wake ulivyoiva! Aliniuliza kama yeye ni mbuzi.

Halafu akawa mpole, na upole huo uliniudhi kuliko kile kicheko. Akafungua kabati, akatoa koti la kaki, akaliweka mezani kando ya daftari la maabara. Kazi ilikuwa yangu, akasema, tena ya kudumu. Niandike tu kwamba nilikosea.

Sitajifanya shujaa. Nililitazama lile koti. Baba alikuwa amefariki nikiwa masomoni, na Mama, mgongo wake umepinda kwa kuchuma, alikuwa akinisubiri mimi. Lakini nilikasirika. Nilikuwa nimeandika kila hatua, zote, kama walivyonifundisha, na bado hazikutosha kwa sababu mkono ulioziandika ni mweusi. Nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba nimepima mara tatu na jibu ni hilo. Nikatia sahihi, jina langu lote, na shahada yangu pembeni kwa herufi kubwa. Kisha nikamwambia kwa Kiingereza, polepole ili asijifanye hajasikia: "Kuosha chupa si aibu. Kusema uongo ili niruhusiwe kuosha chupa, hiyo ndiyo aibu."

Kule Bondeni walinicheka. Mkono mtupu haulambwi, wakaniambia, nenda kamwombe radhi mzungu. Potelea mbali! Nilimwandikia yule mwalimu wangu wa India, naye akanijibu kwamba ana nafasi ya mkemia katika maabara yake. Karatasi za kusafiria zilinichukua miezi mingi ya kusimama foleni na kuambiwa nirudi kesho.

Siku ya kuondoka Mama aliteremka kutoka Keringet hadi stesheni ya Nakuru, amenibebea viazi vya kuchoma. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilimwambia naona haya kurudi kule India, kwa maana nitawaambia nini wenzangu? Nitasema nilikwenda kwetu na sikupata kazi.

Mama, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya watu, aliipaza siku hiyo mpaka askari wa stesheni akageuka.

"Hukukosa kazi, mwanangu. Ulipewa. Waambie uliikataa."

Treni ilipoanza kwenda, alikuwa bado amenielekezea kidole.