Nusu ya Mwanga

Elisha wa Likombe alikuwa fundi wa faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na sifa alikuwa nazo. Kwa miaka kumi na mmoja aliunga nyuzi za mawasiliano kando ya barabara za Mtwara, na vumbi likamfundisha jambo moja: kipimo cha mwanga kikisoma kidogo, laumu uchafu. Futa ncha, uendelee na kazi. Mara nyingi ulikuwa uchafu kweli. Lakini wahenga hawakukosea, mazoea yana taabu.

Hospitali moja ilipoanza kujaribu kutibu saratani ya umio kwa mwanga, ikamwajiri. Mgonjwa hupewa dawa inayofanya uvimbe uungue ukimulikwa. Kisha unyuzi mmoja wa kioo hushushwa kooni ukiwa na mwanga mwekundu, na mwingine hupima kama mwanga umefika. Huo wa pili ndio uliokuwa mikononi mwa Elisha.

Siku ya Bi Zuhura, mkulima wa korosho kutoka Msimbati ambaye hata uji ulikuwa haumpiti, kipimo kilisoma nusu ya mwanga uliotakiwa. Elisha akafuta kiungio. Nusu. Akafuta tena.

"Tuongeze muda?" Dk. Doris, aliyesimamia matibabu, aliuliza.

"Hapana, daktari. Ni uchafu tu. Mwanga unafika."

Haukufika. Damu ilikuwa imeufunika uvimbe, na kipimo kilisema kweli tangu mwanzo.

Dawa ile huifanya ngozi iungue juani, kwa hiyo Zuhura alifungiwa ndani mwezi mzima, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, katika joto lile la Oktoba. Mumewe, Amiri, alilinda mlango huku korosho zikianguka bila wa kuziokota.

Zuhura aliporudi hospitalini, uvimbe ulikuwa umeziba koo na unyuzi haukupita tena. Dk. Doris akafungua kumbukumbu za siku ile, yeye na Elisha wakaona kwamba mwanga haukufika.

"Nami nilikuamini," daktari alisema.

Elisha aliomba aende mwenyewe kumwambia mgonjwa. Alifika kitandani kwake akabaki amesimama.

"Kwa hiyo giza lile lote nilikaa bure?" Zuhura aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Bure, mama. Kosa ni langu."

Zuhura akatazama mlangoni. Amiri alikuwa nje kwenye benchi, akiupooza uji.

"Mdogo wangu alifariki mwezi ule," Zuhura alisema. "Nilimlilia Amiri aniache niende msibani. Akanikatalia, akasema jua litaniua. Yeye usimwambie, mwanangu."