Mzee wa Uwanja

Gervas alikuwa na mdomo. Hilo hakuna aliyelibisha, hata yeye mwenyewe. Kijiji chao kiko mlimani juu ya Mlali, kule ambako kabichi ikikuponyoka mkononi unaifuata hadi bondeni, na watu wanalima kwenye matuta ya ngazi yaliyokatwa ubavuni mwa mlima. Shamba moja tu ndilo tambarare, pana la kutosha kuchezea mpira, na Gervas hamalizi siku bila kulitaja. "Shamba langu la tambarare," atasema sokoni. Atasema hivyo hivyo kilabuni, na hata kanisani, wakati wa kutakiana amani.

Sasa jamani, tusidanganyane. Shamba lile halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, Scholastika, aliyelipata kwa mama yake, na mama naye alilipata kwa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, wenyewe wanauita lukolo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mume humo ni mgeni wa heshima. Atalima, atakula, atazeeka, lakini hagawi hata kipande. Gervas alilijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu. Alifika pale miaka thelathini na moja iliyopita, akitokea upande wa pili wa mlima, na jembe moja na redio moja.

Basi, uchaguzi mkuu ukiwa bado mbali, zaidi ya mwaka mzima, ikapanda pikipiki mpaka shambani. Akashuka Rogers, katibu mpya wa chama wa kata, kijana wa mjini mwenye haraka zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Rogers akageuka huku, akageuka kule, macho yamemtoka. "Mzee, uwanja kama huu tumeutafuta kata nzima! Mgombea urais akija huku milimani, mkutano unafanyika hapa hapa. Sijui mwenyewe atakubali?"

Scholastika siku hiyo alikuwa kwenye jumuiya. Angekuwepo, habari ingeishia pale pale. Lakini hakuwepo, na mdomo wa Gervas ukatoka mbio kabla kichwa hakijavaa viatu.

"Mwenyewe si ndiye mimi? Chukueni!"

Akapewa kofia ya chama siku ile ile. Tangu hapo kila kikao cha chama huko katani akawekewa kiti cha mbele, na Rogers akimtambulisha anasema, "Huyu ndiye Mzee wa Uwanja." Loo, alivyolipenda jina lile! Alikuwa akilisema peke yake njiani, polepole, analionja. Kofia akaificha ndani ya gunia la mbegu za maharage, wala hakumwambia mkewe kitu.

Kilichomponza ni kwamba uchaguzi haufiki. Mwanzoni Rogers alisema msilime kwanza, wakubwa watapita mwezi ujao kukagua. Gervas akamwambia mkewe ardhi imechoka, ipumzike msimu mmoja. Scholastika akamtazama.

"Baba Rosa, tangu lini umeanza kuionea ardhi huruma?"

Lakini akakubali. Mwezi ujao ukapita, wakubwa hawakupita. Wakasema baada ya Krismasi. Halafu baada ya Pasaka. Halafu baada ya kura za maoni. Badala ya wakubwa wakaja watia nia ya ubunge, mmoja baada ya mwingine, na kijiji kikapata burudani ya bure. Watu ambao kwa miaka minne hawakuwa wakimjua mtu, sasa walisalimia mpaka mbuzi. Mmoja alimpokea bibi ndoo ya maji, akapigwa picha, akairudisha ndoo pale pale alipoipokea, na bibi akaendelea na mlima wake. Mwingine aliomba jembe alime kidogo. Akalima mapigo matatu, akashika kiuno, akaomba chai. Gervas alicheka na wenzake mpaka machozi, ila kila gari likisikika kwenye kona anaacha kucheka na kuangalia shambani.

Mwezi wa tano Scholastika alichoka. "Imepumzika vya kutosha," alisema, na kesho yake akaanza kupanda kabichi.

Hapo ndipo Gervas angesema. Angemwambia mke, au angemwambia Rogers, mmojawapo. Hakumwambia yeyote. Akapiga hesabu zake za ajabu: kabichi miezi mitatu, kampeni zinafunguliwa mwisho wa mwezi wa nane, basi zikikua haraka zitavunwa kabla, shamba litabaki tupu, na hakuna atakayejua kitu. Jamani, alivyozishughulikia zile kabichi! Asubuhi kabla ya uji yuko kwenye mfereji, anageuza maji. Jioni anapalilia, anachomoa wadudu kwa vidole, anaziambia, "Haya, kueni, mnangoja nini?"

Scholastika hakujua anafukuzana na tarehe. Yeye aliona mume aliyekuwa akishinda kilabuni sasa anashinda naye shambani. Wakawa wanakula viazi vya kuchoma pamoja mfereji ukipita miguuni, wanasikiliza redio, wanacheka, kama walivyokuwa kabla ya kumpata Rosa. Siku moja Gervas alimsikia akiwaambia wanawake wa jumuiya, "Mzee wangu amebadilika. Sijui ni maombi?" Moyo ukamuuma kweli kweli. Usiku ule hakugusa chakula, na mkewe akamchemshia majani ya mchaichai akidhani ni tumbo.

Wiki ya pili ya mwezi wa nane, kabichi ndiyo kwanza zinaanza kufunga, gari likapanda. Likashusha watu wanne na kamba, na Rogers nyuma yao anatabasamu mpaka masikioni. Scholastika alikuwa kwenye mfereji wa juu. Alipogeuka akamkuta mtu ndani ya shamba lake, kiatu chake kiko baina ya kabichi mbili, anapigilia kigingi.

"Wewe! Unafanya nini humo?"

"Shikamoo mama. Tunapima jukwaa. Mzee Gervas ametupa shamba lake kwa ajili ya mkutano wa mgombea."

"Shamba la nani?"

Aliuliza bila kupaza sauti, na majirani waliokuwa kwenye matuta ya juu wakaacha majembe. Wakashuka wote, nani angekosa? Severini, mjomba wake Scholastika na mkubwa wa ukoo, naye akashuka na fimbo yake.

Rogers akamshika Gervas bega. "Mzee wa Uwanja, waelezee basi. Siku hiyo utakaa jukwaani, kiti cha tatu kutoka kwa mgombea."

Kiti cha tatu! Gervas alikiona. Alijiona amekaa, amevaa koti, kijiji kizima kiko chini kinamtazama. Ingetosha kusema ndiyo. Wageni wangepima, mke asingemuumbua mbele za watu, mengine yangezungumzwa nyumbani. Lakini alipomwangalia Scholastika aliona hakukasirika bado. Alikuwa anamngoja. Mkononi ameshika kabichi iliyong'olewa na kigingi, ile ya pembeni ambayo Gervas mwenyewe aliirudishia udongo juzi.

Akavua kofia yake ya jua.

"Si langu," alisema. "Halijawahi kuwa langu hata siku moja. Ni la mke wangu na ukoo wao. Mimi hapa nilikuja na jembe na redio. Niliwadanganya, na yeye nikamdanganya. Nisameheni."

Severini akasema, "Na redio yenyewe ilikuwa mbovu," na watu wakaangua kicheko, na Gervas naye akacheka huku machozi yanamtoka.

Rogers akamgeukia Scholastika. "Basi mama, tunakuomba wewe."

"Mngeniomba mwaka jana ningewapa," Scholastika alisema. "Sasa kuna kabichi. Mwambieni mgombea namsalimia."

Mkutano ukahamishiwa bondeni, Mlali, kwenye uwanja wa mpira. Gervas alikwenda, akasimama nyuma kabisa, juani, akaona kofia na bendera tu. Alirudi nyumbani, akakuta chakula kimefunikwa. Scholastika alimhudumia kama kawaida, ila kwa wiki tatu nzima hakumwita Baba Rosa. Alimwita "wewe," na neno hilo lilimkosesha raha kuliko kama angepigwa.

Kabichi zikavunwa, nzuri ajabu, nzito. Lori lilipoondoka Scholastika akamwambia, "Twende." Akamfikisha mwisho wa shamba, kwenye tuta la pembeni kando ya mfereji. Severini alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe.

"Baba Rosa," mkewe alisema, "nimemwomba mjomba, na ukoo umekubali. Tuta hili ni la kwako muda wote utakaokuwa duniani. Ulizipenda zile kabichi, hata kama ulianza kwa uongo. Panda unachotaka."

Yule mwenye mdomo akachuchumaa, akachota udongo, akauangalia. Halafu akasema tu, "Asante, Mama Rosa. Asante, mjomba."

Kesho yake alilipima tuta kwa miguu, hatua kumi na mbili, akapanda njegere. Mpaka leo ukipita njia ile atakuita uje uone. Atakuonyesha kwa kidole cha mguu mahali tuta linapoanzia na mahali linapoishia. "Hatua kumi na mbili," atakuambia, na ukisema mbona zinaonekana kama ishirini, atakukatalia.