Mafiga Yalitangulia Kilimani

Wiki iliyopita, karibu na Hale, nilikuta mkutano wa watu waliobebewa nyumba na mto. Afisa mipango alikuwa ameshachomeka vigingi vya kijiji kipya bondeni, safu zimenyooka kama mkonge wa shambani.

Mama mmoja akasimama. "Ndugu Afisa, maji yalipita hapo hapo. Sisi tunataka kilimani. Mbona hukutuuliza?"

"Wananchi mtashirikishwa," alijibu akikung'uta suruali, "viwanja vikishagawanywa."

Mama alikaza khanga kiunoni, akatia kwenye karai mafiga yake, yale mawe matatu ya kupikia aliyoyaokoa topeni, akajitwisha. Akapita bondeni, akapanda kilima. Wenzake wakafuata na mafiga yao. Huku kwetu mafiga yakishatulia na moto ukawaka, hapo ni nyumbani kwa mtu, na hakuna wa kumng'oa.

Moshi ulipopanda, afisa naye akapanda, anahema. "Kina mama, mmeanza bila mimi?"

"Utashirikishwa, mwanangu," alisema yule mama akisonga ugali. "Ukishaiva."

Niliinama nikatazama kuni zake. Zote zilikuwa za urefu mmoja, zimechongwa ncha. Kule bondeni hakikusalia kigingi hata kimoja.