Sabuni ya Mazulia ya Arusi

Mola huipitisha miaka ya nchi ile ya maziwa na misitu bila pupa. Barafu hukaza juu ya maji, theluji hulala miezi mingi, kisha barafu hupasuka kwa kishindo, rai, nafaka ya nchi za baridi, hupandwa ikavunwa, na baridi hurejea kana kwamba haikuondoka. Ndani ya mzunguko huo Aune Pöntinen aliingia kijijini kwao akiwa bibi arusi, akazaa mtoto mmoja wa kike, akamzika mume, akaishi kupitia vita na kuviona vikikoma, na mvi zikamtanda kichwa kizima. Kila majira yalikuwa na haki yake juu ya mikono yake. Kabla ya Krismasi alikata mabua ya rai na kuyatunga kwa uzi yawe pambo la kuning'inia juu ya meza. Barafu ilipoyeyuka alifunga fagio za vijiti. Na kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, pale jua linapokataa kuzama, alipika sabuni ya mwaka mzima kandoni mwa ziwa.

Hakuna mwaka ambao aliuhitaji upishi huo zaidi kuliko mwaka wa pili baada ya vita. Sabuni ya dukani ilitolewa kwa kuponi, nayo ilikuwa kama udongo wa mfinyanzi: ukiisugua kwenye nguo, nguo ndiyo iliyoisafisha. Binti yake, Lempi, alikuwa ameposwa na Arvi wa nyumba ya Tossavainen, na arusi ingefanyika nyumbani kwa Aune, mkesha wa Mtakatifu Yohana. Lakini katika kilele cha baridi bomba la jiko lilipasuka na kumwaga masizi juu ya mazulia ya nyumba, yale marefu yaliyofumwa kwa matambara na Aune pamoja na marehemu mama mkwe wake. Na katika kijiji kile, mama aliyemwoza bintiye juu ya sakafu tupu atasemwa hadi siku ya kuzikwa, na pengine hata wachimba kaburi watalisema.

Basi baridi yote iliyobaki Aune alijinyima. Shahamu ya nguruwe, utumbo, mifupa yenye uboho, yote aliyatia chumvi katika pipa ghalani, huku yeye na Lempi wakila viazi kwa maji ya samaki. Kopo la magadi makali, yale yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, alilipata kwa kumfumia mtu shuka. Hapakuwa na jingine la kupata.

Katika chumba cha nyuma aliishi Nasti, mjane kutoka Karelia, mmoja wa wale waliopoteza ardhi yao vitani na kugawiwa katika nyumba za watu wawahifadhi. Alifika na ng'ombe mmoja, picha takatifu ya Mama wa Mungu, na sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya ziwa. Aune hakumtendea uovu, ila hakumzoea. Asubuhi ile ya upishi Nasti alisimama karibu na chungu, akachungulia.

"Mwenye nyumba, kwetu tunatia na utomvu wa msonobari. Povu lake, mama yangu, linakufika kwapani!"

"Kwenu ni kwenu," Aune akajibu bila kuinua macho. "Na moto wangu usiuguse."

"Haya. Sikuugusa, siugusi, wala sitaugusa." Nasti akajiendea sauna, kile kibanda cha mvuke, kukoga.

Ilipokaribia adhuhuri urojo ulikuwa umeanza kushikana. Hiyo ndiyo saa ya hatari, maana sabuni hupanda ghafla kama maziwa, na asiyekuwa na mwiko mkononi na maji baridi pembeni huipoteza. Baada ya kupanda na kutulizwa ndipo hutiwa chumvi, ikajitenga na maji machafu. Aune alipoinua uso kufuta jasho akaona vitambaa viwili vya kichwani, vya kuendea kanisani, vikija njiani. Alikuwa Eveliina Tossavainen, mama yake Arvi, pamoja na mpwa wake Hulda. Hawakuwa wametuma habari kwamba watakuja.

Angeweza kusema, "Ngojeni kidogo, napika sabuni ya mazulia." Lakini kulisema hilo ni kukiri kwamba mazulia ni machafu, na tena mbele ya mtu yule yule aliyekuwa akifichwa jambo hilo. Akavuta kuni mbili nje ya moto, akaamini moto umepungua vya kutosha, akakimbilia jikoni kwa mlango wa nyuma na kuvua aproni.

"Siku njema humu ndani," akasema Eveliina mlangoni.

"Mola awape nanyi. Karibuni, karibuni mezani, kahawa hiyo naiteleka."

"Ah, wee Aune, usijisumbue! Sisi tunapita tu. Hatukai."

Wakaketi kwenye benchi la karibu na mlango, mitandio mabegani, ndivyo wakaavyo watu wasemao hawakai, hadi jioni ikawakuta pale pale. Macho ya Eveliina yakatembea sakafuni, ubao hadi ubao.

"Mazulia umeyatoa?"

"Yanapigwa upepo."

Aune akateleka kahawa ya kweli, gao moja aliloliweka kwa ajili ya arusi, maana miaka mingi ya vita watu walikuwa wakinywa mizizi iliyokaangwa badala yake. Harufu ikajaa chumba. Akamimina vikombe.

"Sogeeni basi, inapoa."

"Tumekunywa nyumbani kabla ya kutoka," Eveliina akasema, na pua yake imekwisha kugeukia birika.

"Tone tu, mkwe wangu."

"Hulda, nenda wewe, usimchoshe mwenye nyumba."

"Mimi? Nimtangulie shangazi yangu? Watasema nimelelewa porini."

"Na mimi nikimbilie meza kama ng'ombe aliyeona chumvi?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ada, kongwe kuliko kanisa lao la mbao. Mgeni anayeinuka kwa mwito wa kwanza ni mlafi, wa pili ana njaa; na mwenye nyumba anayechoka kubembeleza ni bahili. Wote watatu waliijua, na hakuna aliyethubutu kuivunja, hasa kati ya watu wanaokaribia kuwa wakwe. Aune akabembeleza kwa mdomo, huku masikio yake yote mawili yapo ziwani. Akawasifia njia waliyoijia. Akawaulizia hali ya ng'ombe. Akawaapia kwamba kahawa ikimwagwa itakuwa dhambi juu ya vichwa vyao. Wao wakacheka kwa adabu, wakajitengeneza mitandio, wakabaki.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nasti, uso mwekundu kwa mvuke wa sauna, maji yakimchuruzika nywele.

"Mwenye nyumba, kule ziwani—"

"Nasti! Kuna wageni."

"Nawaona. Nao wana macho. Lakini kule—"

"Nyamaza, dada, nakuomba."

Nasti akatazama vikombe vilivyojaa, benchi lililojaa, kisha uso wa Aune. Akaelewa yote. Akavuta kiti, akaketi mezani bila kuitwa na mtu, akamimina kahawa kwenye kisosi, akang'ata bonge la sukari na kuvuta kwa mlio.

"Njooni, akina mama! Kahawa si mchumba, haikai miaka ikimngoja mtu."

"Wakarelia hao," Eveliina akamnong'oneza Hulda. Hata hivyo akainuka, na kwa wepesi, maana sasa hakuwa tena wa kwanza. "Basi, kwa kuwa nyumba imekwisha kuanza..."

Wakanywa. Aune akapumua. Lakini kikombe cha kwanza kilipokwisha, kikafunikwa kwa kiganja.

"Asante, yatosha, yatosha kabisa."

"Ongezeni!"

"La, la, tumezidi."

Ilikuwa ni lazima aanze upya. Aune akamkazia Nasti macho, akaelekeza kidevu dirishani.

"Nasti, nenda."

"Uliniambia nisiuguse moto wako."

"Sasa nakuambia uguse!"

"Moto gani?" akauliza Eveliina.

Jibu lilikuja lenyewe kupitia dirishani: harufu ya mafuta yaliyoungua, nzito, ya kukaba roho. Aune alitoka mbio, na wageni nyuma yake, kwa mara ya kwanza siku ile bila kutangulizana.

Chungu kilikuwa kimepanda kikamwagika, kikazima nusu ya moto wake na kuacha nusu nyingine ikichoma. Sabuni ya mwaka ilikuwa imeteremka mchangani hadi majini, na povu jeupe, zuri, la kuonea uchungu, lilikuwa likielea kuelekea gati la jirani. Ndani kilibaki kitu cheusi kilichogandamana chini kama uji ulioungua.

"Laiti ungesema unapika sabuni," Eveliina akasema, mkono kifuani, "ningeinywa ile kahawa kwa mkupuo mmoja."

"Laiti ungeinywa!" Aune akapaza sauti, na mtandio wa kichwani ukamtoka.

Hulda akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akajifunika mdomo kwa mtandio.

Kilichobaki, Nasti alikikwangua, akakichemsha upya kwa utomvu wake wa msonobari, na safari hii hakuna aliyemkataza. Ikapatikana sabuni ya kahawia, laini, ya kutosha shuka za bibi arusi na vitambaa vya meza. Mazulia Aune aliyasugua gatini kwa maji ya majivu na mchanga, siku baada ya siku, hadi vifundo vya vidole vikachubuka. Masizi hayakutoka, yalihama tu kutoka mstari mweupe kwenda mwekundu. Mwishowe akayakunja na kuyafungia ghalani, akakaa juu yake, akalia kwa hasira.

Asubuhi ya mkesha Lempi na Nasti walileta majani mabichi ya mbetula, mti wa gome jeupe, wakayatandaza sakafu nzima kama walivyofanya wazee zamani. Kila aliyeingia alisifu harufu. Mchungaji aliposema kwamba hajaona sakafu iliyopambwa vizuri hivyo, Aune, aliyekuwa amevumilia sifa hizo tangu asubuhi, akashindwa.

"Ni majani, mchungaji. Mazulia yangu ni machafu, yako ghalani. Sabuni ilimwagika nikibembeleza watu wanywe kahawa."

Eveliina akawa mwekundu hadi shingoni. Kisha watu walipoitwa kunywa kahawa, akainuka peke yake kwa mwito wa kwanza, mbele ya ukoo wake wote, akaenda mezani. Aune alimmiminia, lakini hakutabasamu. Na hata uzeeni, mtu akimsifia arusi ile ya majani, yeye alijibu kwa kutaja mazulia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Aune, aipe mikono yake iliyochubuka raha isiyokatika. Ambariki Lempi na Arvi, na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Amtazame Nasti kwa wema mahali alipolazwa mbali na kwao. Na Eveliina naye amkaribishe katika karamu isiyohitaji kubembelezwa. Amina.