Baba Mdogo na Mwamba wa Mkunga

Baba mdogo ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Mjusi. Siku sita anainamia soli za watu, ya saba anapanda mwamba. Ana miaka hamsini na minane na goti linalolalamika kuliko mkewe, lakini mwambie aache uone atakavyonuna.

Mwamba wenyewe uko ndani ya kiwanja cha mkunga mstaafu, nyuma ya nyumba yake. Kwa miaka tisa baba mdogo na wenzake walipita uani pake, kamba begani, wakidhani ukimya wake ni ruhusa. Jumapili moja wakakuta lango lina kufuli. Wenzake wakataka kukata uzio.

"Mkikata, mimi msinihesabu," alisema, akarudi nyumbani akiburuta miguu.

Wiki mbili hakula vizuri. Goti lile halikuwa na miaka mingi ya kumwahidi, naye alilijua hilo. Mwishowe akaenda peke yake, kamba na mfuko wa kazi begani, akabisha hodi.

Mkunga hakungoja hata amalize shikamoo. "Nani kawatuma kupima kiwanja changu?"

Akamwonyesha alama nyeupe zilizojaa mwambani. Baba mdogo akatamani ardhi immeze. Wapandaji hujipaka chaki mikononi wasiteleze, na kila wanaposhika huacha weupe. Mkunga aliwahi kunyang'anywa shamba, na mambo yalianza hivyo hivyo, kwa alama za chokaa. Basi kila Jumapili alizihesabu zikiongezeka, na usingizi ukimruka.

Baba mdogo alimweleza kuwa ni chaki tu, wala hakujitetea. Aliomba ndoo, akavua shati, akaanza kusugua mwamba kwa brashi yake ya viatu. Pale mkono usipofika alijifunga kamba akapanda, ndoo ikining'inia kiunoni, mpaka saa nane mchana. Niliposikia nilicheka sana, na nikazidi kumpenda.

Aliposhuka, mkunga alikuwa ameshafungua kufuli. Akampa maji ya kunywa.

"Pandeni tu, mdogo wangu. Mkishafuta chaki zenu, sina ugomvi."

"Mbona hukutuambia mapema, dada?"

"Ningemwambia nani? Miaka tisa mnapita mlangoni kwangu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kubisha."

Na huyu ndiye baba mdogo anayesalimia hata mbwa wa jirani. Lango lilikuwa wazi na mwamba umetakata, lakini siku ile hakuupanda tena. Alivaa shati lake, akaketi barazani kwa mkunga, akaanza kumuuliza habari za miaka tisa.